Kitabu kinataka cheri, Kariakoo kuna papai

Vitabu vingi vya mapishi ya keki vinavyouzwa Dar es Salaam na Nairobi vimeandikwa na watu ambao nyuma ya nyumba zao tufaha huiva, likaanguka, likaoza pasipo mtu wa kuliokota. Wanakuamuru uandae kikombe cha cheri kali, konzi mbili za kranberi, nusu kilo ya plamu, kana kwamba vitu hivyo vipo kwa Mangi pale kona. Muokaji wa Mbagala au Kayole, mwenye oveni ndogo ya mezani au sufuria lake la moto juu, moto chini, husoma orodha hiyo, huenda sokoni, na hurudi na ndizi.

Ndizi haina ubaya. Mkate wa ndizi umelipa ada za watoto wengi mjini. Ila mteja wa siku hizi amekwisha kuona picha kwenye simu, naye hataki ndizi. Anataka keki ya bluberi kwa ajili ya sendofu ya binti yake, na anaitaka Jumamosi. Muokaji naye hawezi kumjibu kwamba bluberi haioti Kigamboni. Anaandika "ipo, dada", kisha ndipo anaanza kuitafuta.

Humo katika kutafuta ndimo faida ya keki inamopotelea. Kuna wanaonunua kijifuko cha matunda ya barafu kilichosafiri nusu ya dunia, ilhali tunda lenye ukali uleule linauzwa kwa fungu njia panda. Na kuna wanaobadili tunda kwa kufuata rangi peke yake, wakaweka jekundu mahali pa jekundu, keki ikatoka na utamu wa dawa ya kikohozi ya watoto. Wote wawili wameruka swali moja: tunda lile liliwekwa kwenye keki ile lifanye kazi gani?

Chukua Black Forest, keki ambayo nadhani ndiyo inayoagizwa kuliko zote baada ya vanila. Jina lake limetokana na Schwarzwald, milima yenye misitu kusini-magharibi mwa Ujerumani. Ndani yake mna chokoleti, krimu, cheri kali, na pombe ya Kirschwasser inayotokana na cheri hizohizo. Krimu ni nzito na ina mafuta, chokoleti nayo ina sukari yake. Cheri ndiyo inayoingia katikati ya hao wawili na kuukata utamu, ili mlaji amalize kipande bila kusukumia na soda.

Sasa mcheri hauoti Pwani, wala si kwa sababu wakulima wetu ni wavivu. Mti huo unahitaji kulala usingizi wa baridi kila mwaka. Aina nyingi hudai mamia ya saa, mara nyingi zaidi ya 700, za baridi iliyo chini ya nyuzijoto 7 ndipo zichanue sawasawa. Hata kwenye miinuko yetu baridi ya namna hiyo haidumu kiasi hicho. Basi huku kwetu cheri hufika ndani ya kopo, au ndani ya pakiti ikiwa imelowekwa kwenye shira na kutiwa rangi.

Na hiyo ya pakiti, soma maandishi ya nyuma kabla hujalipa. Nchini India, ambako bidhaa nyingi za kuokea katika maduka yetu hutoka, vitunda vyekundu vinavyouzwa kama cheri mara nyingi ni karonda, tunda la kichaka chenye miiba ambacho ni jamaa wa mtandamboo unaoota kwenye nyika zetu. Vile vipande vya mraba vya rangi tatu, vyekundu, kijani na njano, vinavyoitwa tuti-fruti, ni papai bichi. Limekatwakatwa, likachemshwa hadi likang'aa, likalowekwa kwenye shira, likapakwa rangi. Sina ugomvi na papai. Ukilitengeneza mwenyewe jikoni ni la bei nafuu na linapamba keki ya watoto vizuri sana. Lakini papai halina ukali hata kidogo. Ukiliweka kwenye Black Forest umepanga utamu juu ya utamu, halafu unashangaa kwa nini wageni wameacha nusu ya kipande kwenye sahani.

Ukikosa cheri za kopo, kamata tunda lolote lenye ukali na rangi ya kiza. Forosadi zikichemshwa na sukari kidogo na maji ya limau hufaa sana. Plamu pia hufaa. Zambarau nazo, zile zinazopaka lami ya Dar es Salaam rangi ya zambarau kila msimu ukifika, zinafaa kwa masharti: zina ukakasi unaoshika ulimi, kwa hiyo zichemshe, zichuje, tumia rojo lake tu. Kisha keki hiyo usiiite Black Forest. Iite keki ya chokoleti na forosadi, na uitoze bei ya keki ya chokoleti na forosadi. Mteja hajawahi kuila kwingine, kwa hiyo hana pa kuilinganisha.

Tahadhari moja juu ya matunda haya ya rangi ya kiza. Rangi yake hubadilika kufuatana na ukali wa kinachoyazunguka: penye uchachu hubaki nyekundu, penye magadi hugeuka buluu, hata kijani. Ndiyo maana keki ya bluberi iliyotiwa beking soda nyingi hutoka na madoa ya kijani kama imeota ukungu, mteja akakurudishia. Tia beking pauda badala yake, au changanya mtindi au limau kwenye rojo la keki, na rangi itatulia.

Kranberi ni kisa kingine, na humu ndimo ninamoona fedha ikichezewa zaidi. Tunda hili la Marekani Kaskazini ni chachu kiasi kwamba ni wachache wanaoweza kulila bichi. Kazi yake kwenye keki ni tatu: uchachu, rangi nyekundu, na uwezo wa kuganda likichemshwa na sukari. Sasa fikiria choya, yale maua mekundu tunayochemshia juisi. Ina uchachu wa kutosha, rangi kuliko kranberi yenyewe, na ikichemshwa ikiwa mbichi huganda ikawa jemu bila kuongezewa kitu. Huko Marekani, jimbo la Florida, watu waliwahi kuilima kama kranberi yao ya nchi ya joto, na Jamaika Krismasi haikamiliki pasipo kinywaji chake. Kwetu inauzwa kavu sokoni kwa kipimo cha kikombe. Iloweke kwenye maji ya moto, ikishalainika ikamue kidogo, ikatekate, ichemshe na sukari na ganda la chungwa hadi ikaukiwe. Ukiitia kwenye skonzi au keki ya chungwa, aliyekulia Boston atakuuliza umezipata wapi kranberi. Nasema hivi nikijua kwamba kuna wasomaji watakaoguna. Jaribuni kwanza.

Sasa tupande milimani, kwa sababu huko ndiko liliko tunda ambalo waokaji wa Dar hulitafuta kwenye friza za maduka makubwa huku linaoza kilomita mia tatu na ushei kutoka kwao.

Lushoto ina plamu. Ina pichi, ina peasi, ina matufaha. Matunda haya ya nchi za baridi yaliletwa Usambara na wamisionari na walowezi wa Kijerumani, wakati mji huo wenyewe ukiitwa Wilhelmstal, na mwaka 1902 Wajerumani wakaanzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea kule Amani, Usambara Mashariki. Wajerumani waliondoka, miti ikabaki, Wasambaa wakaipanda kwenye matuta yao katikati ya mahindi, maharage na kabichi. Plamu zinazostahimili ni zile za duara zisizodai baridi kali, na mwinuko wa mita 1,400 hivi unazitosha. Kuanzia Desemba hadi Februari hivi, ukipita Soni au ukiteremka hadi Mombo, wachuuzi hukimbilia dirisha la basi wakiwa na vifuko vya plamu nyekundu.

Halafu zinakwenda wapi? Nyingi huishia hapohapo barabarani. Sehemu hushuka na malori ya mboga kwenye matenga, zikiwa chini ya karoti au juu ya kabichi, zikafika Ilala au Kariakoo alfajiri zikiwa zimepondeka. Dalali anazishusha bei kwa kuwa anajua kesho hazitakuwa na maana. Muokaji anayeamka saa mbili hazikuti. Anayezikuta huambiwa:

"Zimeshuka leo alfajiri, dada yangu. Bonyeza mwenyewe uone."

Usibonyeze, kwa heshima ya atakayenunua baada yako. Nusa upande wa kikonyo. Plamu nzuri hunukia hapo kabla hata hujaionja, na isiyonukia ilichumwa changa.

Njia bora ni kutosubiri sokoni. Waokaji kadhaa ninaowafahamu wana mtu wao Lushoto, mkulima au mchuuzi mwenye simu, na mzigo hutumwa kwa basi: sado mbili au tatu, majina na namba juu ya kifuniko, malipo kwa simu, na mwenye mzigo anaupokea stendi ya Magufuli, Mbezi, jioni ileile. Utaratibu huu ni ule unaotumika kutuma mchele na mkaa, na unafaa matunda pia, ila lazima umweleze anayekuchumia unataka nini. Plamu, pichi, embe, parachichi na stafeli huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Kwa hiyo ziagize zikiwa zimekomaa lakini ngumu, zisafiri zikiwa na nguvu, ziivie kwako juu ya kabati. Stroberi, zabibu, nanasi, machungwa na cheri haviivi tena vikishatoka mtini. Vikichumwa vichanga vitabaki vichanga hadi vioze. Stroberi za Arusha au Lushoto, au kwa ndugu zetu wa Kenya zile za Limuru, ziagize zikiwa nyekundu hadi kikonyoni, na ziagize kidogo, kwa boksi la kina kifupi, si kwa ndoo. Stroberi za chini kwenye ndoo hufika zikiwa juisi.

Ukishapata plamu zako, kumbuka kwamba keki za plamu zilizomo vitabuni ziliandikwa kwa ajili ya plamu ndefu za Kijerumani, Zwetschge, zenye nyama kavu na kokwa linalobanduka lenyewe. Yetu ya Usambara ina maji mengi na kokwa lake linang'ang'ania. Ukiipanga juu ya rojo kama kitabu kinavyosema, chini itakuwa uji. Nyunyiza suji kavu juu ya rojo kabla ya kupanga matunda, vijiko viwili au vitatu vya chakula, ili inywe yale maji. Panga vipande sehemu iliyokatwa ikitazama juu, maji yakaukie angani badala ya kuzama. Na sukari ya juu inyunyize keki ikishatoka kwenye moto, kwa sababu sukari huvuta maji kutoka kwenye tunda, na ukiitia mapema umeyaita maji mwenyewe. Suji ipo kila duka la Kariakoo. Mpishi wa kitabu hakuitaja kwa kuwa hakuihitaji.

Msimu mfupi unahitaji friza, na friza inahitaji umeme, na hapo kila mmoja wetu ana hadithi yake. Lakini friza iliyojaa, isipofunguliwafunguliwa, hukaa na barafu yake kiasi cha saa 48 umeme ukikatika. Iliyojaa nusu hukaa saa 24 hivi. Kwa hiyo ijaze, hata kwa chupa za maji. Matunda yatandaze kwanza kwenye trei yasigusane, yagande moja moja, ndipo uyamimine kwenye mfuko. Ukiyatia mfukoni yakiwa mabichi yataganda donge moja utakalolazimika kulivunja kwa mchi. Siku ya kuoka yatie kwenye rojo yakiwa na barafu yake, usiyayeyushe. Na ikiwa yanazama chini ya keki, lawama iende kwenye rojo jepesi. Kuyapaka unga kunasaidia kidogo sana, tofauti na wanavyosema kwenye video.

Bluberi? Kenya inalima. Kampuni ya Kakuzi kule Murang'a ina mashamba yake, na yapo mengine maeneo ya Mlima Kenya. Ila mmea huo unataka udongo wenye tindikali ambao wakulima wengi hawana, na sehemu kubwa ya mavuno hutafuta soko la ng'ambo. Kwa muokaji wa nyumbani bluberi itabaki kuwa kitu cha friza ya duka kubwa kwa muda. Ikiwa mteja anailipia, mnunulie. Ikiwa hailipii, mpe forosadi.

Turudi kwenye rafu ya vitu vikavu, maana keki nzito ya matunda, ile ya harusi na ya Krismasi, haitaki tunda bichi. Dodoma ina zabibu kwa misimu miwili kwa mwaka, mmoja Februari na Machi, mwingine Agosti na Septemba, na kituo cha utafiti cha Makutupora kimefanya kazi ya zao hilo kwa miaka mingi. Ajabu ni kwamba zabibu kavu tunazonunua kwa robo kilo kwa ajili ya mkate wa mayai na keki kwa sehemu kubwa hutoka nje ya nchi, huku za Dodoma zikienda kwenye mvinyo. Ukaushaji wa jua hauhitaji mashine kubwa, na Dodoma jua lipo. Mtu mwenye mtaji mdogo na neti safi ya kuzuia nzi angeweza kuwauzia waokaji wa mji mkuu zabibu za nyumbani, nami ningekuwa mteja wake wa kwanza.

Zabibu hizo kavu zikishapatikana, kitabu kitakwambia uziloweke kwenye ramu. Nyumba nyingi za Pwani hazina ramu na haziitaki. Chai ya rangi iliyokolea, ikiwa ya moto, yenye mdalasini na karafuu, huzilainisha usiku mmoja na kuzipa ladha ya kiza ambayo ramu ingetoa. Maji ya chungwa yanafaa pia, ila keki itakuwa nyepesi zaidi kwa ladha.

Aprikoti kavu ni ghali na hazina sababu ya kununuliwa. Familia za Wagoa zilizoishi Zanzibar, Dar na Nairobi zina jibu lake tangu zamani: perada, halua ya mapera wanayoitengeneza msimu wa Krismasi. Chemsha mapera yaliyoiva pamoja na machache yasiyoiva, yachuje kuondoa mbegu, pima rojo na sukari sawa kwa sawa, tia limau, koroga juu ya moto mdogo hadi libanduke kwenye sufuria, mimina kwenye sinia lililopakwa siagi. Likipoa lakate vipande. Mapera yasiyoiva ndiyo yenye kugandisha, kwa hiyo usiyaache. Vipande hivyo havikauki ndani ya keki kama zabibu, vina ukali, na vina rangi ya matofali inayopendeza kisu kikipita.

Na maganda ya matunda yaliyokaushwa kwa sukari, yale yanayouzwa kwa vikopo vidogo kwa bei ya kustaajabisha, naomba tuache kuyanunua. Kila Januari Waingereza husubiri madanzi kutoka Sevilla, Hispania, ambako miti imepandwa hata kando ya barabara za mji, wapate kutengeneza mamaledi. Danzi hilohilo lipo Unguja, Pemba na Mombasa, na watu hulipita likianguka kwa kuwa ni chungu kuliwa. Ganda lake halina mpinzani. Lichemshe mara tatu ukimwaga maji kila mara, uchungu utabaki kiasi cha kunukia, kisha lipike kwenye shira hadi ling'ae, likaushe juu ya chekeche. Ukikosa danzi tumia furungu, lina ganda nene zaidi. Chungwa la Muheza litafaa ukikosa yote mawili, lakini harufu yake ni hafifu.

Nimetaja matufaha juujuu. Yanayojaa mjini hutoka Afrika Kusini, na Aprili 2025 tulionyeshwa jinsi njia hiyo ilivyo nyembamba: Tanzania ilizuia mazao ya kilimo ya Afrika Kusini na Malawi katika mvutano wa biashara, na siku chache baadaye zuio likaondolewa. Waliokuwa na oda za pai za tufaha wiki ile walipata homa. Hawakuwa na haja nayo. Watu wa kusini mwa Florida huoka pai ya embe bichi, na ladha yake inakaribia ya tufaha kali la kupikia kuliko hili tufaha tamu la kula tunalouziwa. Tafuta embe lililokomaa ambalo bado ni gumu, lile ambalo mtoto wa shule angelila na chumvi na pilipili. Menya, kata vipande vyembamba, tia sukari zaidi ya ile ya kwenye kitabu, mdalasini, na unga wa mahindi kijiko kimoja. Embe lililoiva usilitie kwenye moto. Nimelila kwenye keki nyingi na sijaona hata moja lililobaki na harufu yake. Embe bivu mahali pake ni juu ya krimu, keki ikishapoa. Shokishoki nayo iacheni iliwe kwa mkono.

Mabungo, kinyume chake, hayajapata heshima yanayostahili. Tanga na Visiwani yanaishia kwenye juisi. Rojo lake likipikwa juu ya mvuke na mayai, siagi na sukari hutoa krimu nzito ya manjano ambayo ile ya limau haiifikii, na inajaza keki ya harusi bila kumchosha mtu. Anayeogopa mabungo aanze na pesheni.

Nanasi bichi na papai bichi vina vimeng'enya vinavyokula protini, kwa hiyo krimu au jeli yenye jelatini haigandi vikiwemo. Vichemshe dakika chache kwanza, au tumia aga-aga ambayo inatokana na mwani, haidhuriki navyo, na haina utata wa uhalali.

Wenzetu walio ng'ambo wana shida hii wakiwa upande wa pili. Ubuyu ambao mtoto wa Dar hununua kwa sarafu uliruhusiwa kuuzwa kama chakula kipya Ulaya mwaka 2008, na leo muokaji wa Berlin huununua wa unga kwa vijiko. Leicester, mji uliopokea Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, una maduka yenye embe la India la kopo, na hilo ndilo linalookoa keki za harusi za huko. Waswahili wa Muscat wana nafuu, kwa kuwa Salalah, kusini mwa Oman hiyohiyo, ina minazi, migomba na mipapai yake. Na shangazi anayekwenda kumtembelea mwanawe Hamburg ajue: tangu Desemba 14, 2019, matunda mabichi karibu yote hayaingii Umoja wa Ulaya pasipo cheti cha afya ya mimea, hata yakiwa mawili kwenye mkoba. Yaliyosamehewa ni matano: nanasi, nazi, doriani, ndizi na tende. Maembe yataishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Doriani limesamehewa na sheria, lakini sina hakika kama abiria wa kiti cha jirani naye atalisamehe.

Kwa walioko nyumbani, ombi langu ni kwa pande mbili. Wakulima wa Lushoto wenye simu, jitangazeni kwenye magrupu ya waokaji wa Dar na Tanga mjini kabla ya mavuno, semeni mna nini na kitakuwa tayari lini, na mfungashe kwa sado badala ya tenga. Waokaji, unganeni watano au sita mchange mzigo mmoja, lipeni sehemu ya fedha mapema ili mkulima asikimbilie kwa dalali, na mpeane zamu ya kwenda Mbezi kuupokea. Anayetaka plamu za keki za Krismasi apige simu mwezi wa Novemba, kwa sababu katikati ya Desemba walanguzi wa barabarani wanakuwa wamekwisha kufika Soni.